TAKA ZA PLASTIKI ZISITUSHINDE

Tarehe 1 Juni, 2019, nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wananchi waliitikia, wakarudia vikapu vyao. Lakini twajidanganya tukidhani kwamba kazi imekwisha. Zingaliko ndoo zilizopasuka, kandambili zilizokatika, na vifuko vya sabuni na biskuti vyenye tabaka za plastiki na alumini zilizogandamana. Vitu hivi haviozi, na vikichomwa uani moshi wake hudhuru watoto wetu.

Wako wasemao kwamba taka za namna hii hazifai kwa lolote. Twawaomba watazame Lamu. Huko mafundi wa vyombo, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, waliunda jahazi la mita 9 kwa kadiri ya tani 10 za plastiki iliyotupwa. Mkuku, mataruma na mbao zake zote zilitokana na taka zilizoyeyushwa, na ubavu wake ukavikwa vipande vya kandambili 30,000. Jahazi hilo, Flipflopi, lilishushwa majini Septemba, 2018, na mwaka 2019 likasafiri kiasi cha kilomita 500 hadi Unguja. Jijini Nairobi naye Nzambi Matee alichanganya plastiki na mchanga, akapata matofali ya kutandika njia. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtunuku.

Hata hivyo, ufundi huo una sharti lake. Plastiki si jamii moja: chupa ya maji yataka moto mkali kuliko ndoo, na zikichanganywa ovyo mbao hutoka dhaifu. Kwa hiyo kazi yaanza kwa kuchambua, na anayechambua leo ni yule mwokotaji tunayempita jalalani bila hata kumsalimu. Haifai kazi yake iwe mtaji wa wengine, naye alale na njaa.

Sisi twaona kwamba halmashauri hazina budi kutenga mahali pa kuchambulia taka katika kila kata, na wanunuzi wamlipe mwokotaji bei ya haki kwa kila kilo. Nasi majumbani tutenge plastiki na mabaki ya chakula, na tuyakatae yale tusiyoyahitaji.

Haba na haba hujaza kibaba. Hujaza na mtaro pia. Ni juu yetu kuchagua.