Uvira: Masasi yaliyoota kutu hayaponi kwa kusuguliwa

Mvua kubwa ikinyesha juu ya milima ya Uvira, mito Mulongwe na Kalimabenge hushuka mjini na mawe, matope na vitu vilivyofukiwa siku nyingi. Mji huu umeonja vita tangu Oktoba 1996, na Desemba 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia. Kwa hiyo mtoto anayecheza mchangani, au mama anayelima katika uwanda wa Ruzizi, anaweza kuokota risasi. Anaiona ina kutu na rangi imebanduka, anadhani imekufa.

Haijakufa. Masasi mengi ya Kalashnikov yana ganda la chuma. Kiwandani ganda hilo hupakwa vanishi au utando mwembamba wa shaba ili maji yasiliguse. Utando ukikwaruzwa, au ukiwa ulipakwa vibaya tangu mwanzo, unyevu wa ziwa huingia na kutu hula chuma polepole. Lakini baruti iliyo ndani, pamoja na kiwashio kilicho kitakoni, vinaweza kubaki vizima miaka mingi.

Hapo ndipo watu hujaribu kuiokoa. Mnunuzi wa chuma kikuukuu anatafuta uzito, mwenye bunduki anataka risasi irudi kazini. Wote wawili wanakosea. Ukisugua kutu unapunguza ganda ambalo tayari limeliwa. Siku ya kupigwa linapasuka na moto unarudi nyuma, usoni mwa mpigaji. Ukipaka mafuta, yanaweza kupenya hadi kwenye baruti. Risasi inakwama ndani ya mtutu, na inayofuata inaupasua. Kupaka rangi mpya ni kubaya zaidi, maana kunaficha kutu tu.

Tena rangi yenyewe ni lugha. Kwenye masasi ya aina ya Kirusi, ncha ya kijani humaanisha risasi inayoacha mstari wa moto, na ncha nyeusi yenye pete nyekundu hutoboa chuma na kuwasha. Rangi hiyo ikishabanduka, hata askari mzoefu hawezi kujua kwa macho anashika nini.

Anayepiga risasi kwa nyundo, au kuitupa kwenye moto wa kuyeyushia, hahitaji bunduki ili aumie. Ganda hupasuka vipande, na vipande hivyo hutoboa macho na kukata vidole. Watu wa Sange hawahitaji kuelezwa sana juu ya kuokota kinachoonekana ni bahati: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya 200.

Sheria nayo iko wazi. Sheria-amri ya 1985 juu ya silaha na risasi inataka ruhusa ya serikali kwa raia anayezimiliki. Kuharibu masasi mabovu ni kazi ya wataalamu, na kituo cha taifa cha kupambana na mabomu, CCLAM, ndicho kinachosimamia kazi hiyo nchini. MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini mwezi wa Juni 2024, hivyo raia wana sababu zaidi ya kujichunga wenyewe.

Ukiona risasi, usiiguse. Rudi kwa njia ileile uliyopitia, weka alama ya mawe au tawi mbali nayo, ukawaonye watoto. Usiifunge katika kitenge kuipelekea chefu wa mtaa. Mwambie chefu mahali ilipo, yeye awaite wenye kazi.