Ugumba si Mzigo wa Mke Pekee

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Kigoma na Ujiji hadi vijiji vya wavuvi, ndoa isiyojaaliwa mtoto huwa na mshtakiwa mmoja tu, naye ni mke. Yeye ndiye apelekwaye kwa mganga, yeye ndiye aletewaye mke mwenza, na pengine yeye ndiye arudishwaye kwao. Mume haulizwi neno. Desturi hii ni dhuluma, na elimu ya utabibu imekwisha kuonyesha kuwa ni kosa pia.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita hupatwa na ugumba wakati fulani maishani. Katika takriban nusu ya ndoa zenye shida hiyo, kasoro ya mume imo, ama peke yake ama pamoja na ya mke. Kisonono kisichotibiwa, kwa mfano, huweza kuziba mirija ya wote wawili.

Tangu Louise Brown azaliwe Uingereza mwaka 1978, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama, wataalamu wamezidi kujifunza kuteua mbegu za kiume zilizo bora. Manii huwekwa chini ya maji maalumu ndani ya kichupa. Mbegu zenye nguvu huogelea zikapanda juu, dhaifu zikabaki chini. Mwaka 1992 wataalamu wa Brussels walitangaza mimba zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja tu ndani ya yai. Hata hivyo, si kila jipya ni bora. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha wanandoa zaidi ya jozi 2,700, uliona kwamba kuteua mbegu kwa kuzinasisha kwenye kemikali maalumu hakukuongeza kwa hakika idadi ya watoto wanaozaliwa.

Matibabu hayo ni ya gharama kubwa, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Ndugu zetu wa visiwani nao wanaujua vema uzito wa safari ya namna hiyo. Lakini hatua ya kwanza haihitaji safari. Kupima manii kunataka hadubini, chombo safi, na mtaalamu ajuaye kuhesabu. Mume naye ajizuie siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa serikali wahakikishe kwamba kipimo hiki kinapatikana katika kila hospitali ya mkoa na ya wilaya, kwa bei ambayo mvuvi aimudu na kwa siri inayomhifadhia heshima yake. Nao waume, mwaka mmoja ukipita bila mimba, waende hospitali pamoja na wake zao. Hukumu isitangulie ushahidi.