Kasoro iko juu, chanzo kiko chini



Kama unatumia kompyuta mpakato, huenda unaujua mtihani huu. Unapitisha kidole kwenye kile kibao laini kilicho chini ya herufi, mshale unaruka pembeni. Unabonyeza, haukubali. Unabonyeza kwa nguvu, unafuta usichotaka kufuta.

Ofisi ya parokia yetu ilikuwa na mashine ya namna hiyo. Binti mmoja anayejitolea alikuwa akiingiza majina kutoka daftari la ubatizo. Siku moja kijana anayejiandaa kufunga ndoa alifuata cheti chake, akakuta jina la baba yake silo. Nilimkemea yule binti mbele ya watu. Akasema kwa upole, "Baba, kibao hiki kinaruka chenyewe." Nikamjibu kwamba mvivu hakosi sababu.

Jumamosi usiku nikaketi mimi kuandika mahubiri. Mshale ukanihangaisha. Nikafuta kidole, maana kibao hicho huhisi chaji ndogo ya umeme kidole kinapogusa, na jasho hukichanganya. Nikachomoa chaja, kwani chaja mbovu nayo huweza kuleta shida hiyo. Wapi! Nikazidi kukandamiza.

Jumatatu fundi akaifungua. "Padri, kibao hakina kosa. Betri imevimba, inakisukuma kutoka chini. Mngeendelea kuikandamiza na kuichaji, ingeweza kushika moto."

Nilinyamaza. Wiki nzima tulikuwa tukigombana na kibao, kumbe hatari ilikuwa chini yake.

Ndugu msomaji, si ndivyo tunavyoishi? Mtoto anafeli, tunaongeza viboko. Mume anachelewa kurudi, tunaongeza maneno. Mke amenyamaza, tunampigia kelele aseme. Tunakandamiza pale panapoonekana, hatuulizi kimevimba nini chini. Bwana wetu alifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka ndani, moyoni mwake (Mk 7:20-23). Hakudharau matendo ya nje. Alitaka tufike kwenye chanzo.

Nami nilipojitazama, niliona kwamba ukali wangu kwa yule binti haukuletwa na cheti. Nilikuwa nimechoka, nimejaa kiburi cha kutotaka kuonekana ofisi yangu ina makosa, na miezi kadhaa ilikuwa imepita bila mimi mwenyewe kupiga magoti kuungama. Nawaungamisha wengine, yangu nimeyafunika.

Nilikwenda kwa padri mwenzangu, nikaungama. Kisha nikamwomba binti msamaha, mbele ya watu walewale, maana aibu niliyompa hadharani sikuweza kuifuta faraghani. Hakusema mengi. "Asante, Baba." Akachomeka kipanya cha waya tulichomnunulia, akaendelea na majina.

Kwa hiyo, ukiona kibao kimeinuka au kimekuwa kigumu kubonyeza, zima mashine, usiichaji, usijaribu kuitoboa betri, mpelekee fundi. Na ukiona umekuwa mkali kwa watu wasio na kosa, fanya vivyo hivyo. Tulia. Mwombe Mungu auchunguze moyo wako, kama alivyoomba mwenye Zaburi ya 139. Kisha nenda kwenye kitubio kabla moto haujawaka. Na kama kuna uliyemjeruhi, usimwache aendelee kubeba kosa ambalo si lake.

Nakutakia Dominika njema.