Pindua Kochi Uone Chini

Ukitaka kujua watu wanavyochagua sofa ya rikalaina ya umeme, yaani kochi linalolaza mgongo na kuinua miguu kwa mota, kaa kidogo kwenye duka la samani za kutoka nje, liwe la Dar es Salaam au Nairobi. Mteja anabonyeza sponji, anapapasa ngozi, anakaa, anagusa kitufe, miguu inapanda taratibu, anatabasamu, na hapo hapo mazungumzo ya bei yanaanza. Karibu kila alichokikagua ni kava. Chini ya kava kuna mashine: fremu ya chuma yenye viungo vinavyojikunja, mota, nyaya na adapta. Kochi la kawaida likichoka litabonyea, lakini bado utalikalia. Rikalaina ikifa mota huku kiegemeo cha miguu kiko juu, umebaki na mzigo mkubwa katikati ya sebule. Kwa hiyo ombi la kwanza la mnunuzi, kabla hata ya bei, liwe kwamba kochi lilazwe kifudifudi aone kilicho chini.

Kiti cha kuegemea chenyewe kina umri. Mwaka 1928, katika mji wa Monroe, jimbo la Michigan nchini Marekani, mabinamu wawili, Edward Knabusch na Edwin Shoemaker, walitengeneza kiti cha varandani cha mbao tupu ambacho mgongo wake ulilala kadiri mkaaji alivyoegemea. Baadaye walikivika kitambaa na mito ili kifae kukaliwa ndani, na kampuni yao ikaja kuitwa La-Z-Boy. Mota iliongezwa miaka mingi baadaye, lakini swali lilibaki lile lile: mwili uliokaa unapumzika vizuri kwa pembe gani?

Swali hilo lina majibu ya maabara. Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alianza kuingiza sindano yenye kipima shinikizo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu walio hai. Diski ni zile tishu zinazotenganisha pingili na pingili na kubeba mishtuko. Mwaka 1974 Gunnar Andersson na wenzake wa Gothenburg walionyesha kwamba kadiri egemeo la kiti linavyolazwa nyuma, ndivyo shinikizo kwenye diski za kiunoni linavyopungua, na kitu cha kukinga kiuno kinalipunguza zaidi. Sababu yake ni nyepesi kuelewa: sehemu ya uzito wa kiwiliwili inachukuliwa na egemeo badala ya kushuka yote kupitia uti wa mgongo. Mwaka 2006 Waseem Bashir na wenzake huko Aberdeen, Scotland, waliwapiga picha za MRI watu 22 wenye afya wakiwa wamekaa. Walipokaa wima kwa digrii 90 diski zilisogea zaidi. Walipoegemea hadi digrii 135 kati ya mapaja na kiwiliwili, zilisogea kidogo kuliko katika mikao mingine.

Watu 22 ni wachache, na nisingependa mgonjwa wa mgongo anunue kochi akidhani amenunua tiba. Lakini matokeo hayo yanatupa kipimo cha kwenda nacho dukani. Makochi mengi sasa yana kitufe kinachonadiwa kuwa cha kukuondolea uzito kama mwanaanga. Asili yake ni vipimo ambavyo NASA ilichukua kwa wanaanga wa kituo cha Skylab miaka ya 1973 na 1974: mwili unapoelea na misuli ikalegea, pembe ya nyonga hutulia karibu na digrii 128. Hakuna kochi linaloondoa uzito wa mtu. Kitufe hicho kinapanga pembe tu, na pembe hiyo unaweza kuipata mwenyewe kwa kuachia kitufe kwa wakati unaotaka.

Lenye maana zaidi ni idadi ya mota. Ikiwa ni moja, miguu na mgongo vinakwenda pamoja kwa mpangilio wa kiwandani, na ukijilaza macho yanaelekea darini; ukitaka kuona televisheni unainua shingo, na shingo inalipa faida iliyopata kiuno. Mota ya pili, inayosukuma sehemu ya kichwa, inamaliza tatizo hilo. Fedha ikibana, afadhali kava la kitambaa lenye mota mbili kuliko la ngozi lenye mota moja.

Halafu kuna kina cha kiti, ambacho hakuna mota inayokirekebisha. Makochi mengi yameundwa kwa watu warefu. Kaa hadi mgongo uguse egemeo: nyayo zote zikanyage sakafu, na vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kama kochi ni la bibi au babu, yeye ndiye aende akalijaribu. Nyayo zikining'inia, atashindwa kuinuka bila kushikwa mkono.

Sasa turudi chini ya kochi. Utaona mrija wa chuma uliofungwa kwenye fremu, na mota ndogo imekaa pembeni mwake. Mota inazungusha gia, gia inazungusha skrubu ndefu, na juu ya skrubu kuna nati iliyozuiwa isizunguke. Kwa kuwa haiwezi kuzunguka, inatambaa mbele au nyuma na kusukuma viungo vya chuma. Ni kazi ile ile ya jeki ya gari. Mteremko wa meno ya skrubu ni mdogo, hivyo msuguano unashinda uzito wako na nati haiwezi kuteleza kurudi. Umeme ukikatika, kochi halikubwagi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, halirudi pia. Mzee aliyeinuliwa miguu usiku, umeme ukaondoka, amekwama hapo mpaka urudi au mtu aje amsaidie. Kwetu, ambako umeme kukatika ni jambo la kawaida, betri ya akiba ni sehemu ya kochi, na muuzaji aionyeshe ikifanya kazi plagi ikiwa imechomolewa.

Adapta isomwe maandishi yake. Nyingi hutoa volti 29 na ampea 2, yaani wati 58, lakini kinachoweza kukuunguzia kitu ni upande wa kuingiza. Makochi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni volti 120, huenda yakawa na adapta isiyostahimili volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya. Tafuta maandishi ya 100–240. Gharama ya umeme isikutishe: kuinua kwa sekunde 15 kunatumia takribani robo ya wati-saa. Adapta inayokula nusu wati ikiwa imechomekwa tu mchana na usiku inafikisha wati-saa 12 kwa siku, zaidi ya kuinua mara 40.

Kwa wakazi wa pwani kuna suala la kava. Ngozi bandia ya poliyurethani iliyopakwa juu ya kitambaa huvunjwa na unyevu: molekuli za maji hukata minyororo ya plastiki hiyo, na baada ya miaka michache tu inaanza kubanduka magamba. Mafuta ya kupaka hayarudishi minyororo iliyokatika. Mombasa, Tanga na Unguja, kitambaa kizito au ngozi halisi vitadumu zaidi, na fremu ya chini iwe imepakwa rangi kila kona kwa ajili ya chumvi ya hewani.

Wenye watoto waangalie pengo linalofunguka kati ya kiti na kiegemeo cha miguu. Mota haijui kama kinachobanwa ni mto au mkono wa mtoto. Baadhi ya makochi yana namna ya kufunga vitufe. Lisilo nayo lichomolewe likiwa halitumiki. Mota nazo hazikuundwa kwa mchezo wa kupanda na kushuka. Nyingi zimeandikwa ubavuni kwamba zikifanya kazi mfululizo dakika 2 zipumzike dakika 18.