Mkataba Kabla ya Mashine

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, viongozi wa wilaya za shule nchini Marekani wameandamwa na swali moja: mtairuhusu akili mnemba au mtaipiga marufuku? Swali hilo ni bovu. Jiji la New York, lenye wilaya kubwa kuliko zote nchini humo, liliifungia programu hiyo kwenye vifaa na mitandao ya shule Januari 2023. Mei mwaka huohuo David Banks, aliyekuwa akiziongoza shule hizo, aliiondoa amri. Uzio wa mtandao wa shule haufiki kwenye simu ya mwanafunzi aliyeko nyumbani.

Baada ya marufuku ukaja ushirikina mwingine, wa programu zinazodaiwa kunasa insha za mashine. OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, wenyewe walitoa chombo cha namna hiyo Januari 2023, wakakifunga Julai kwa sababu kilikosea mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nao walizipima programu saba kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa si kazi ya binadamu. Sababu yake iko wazi: programu hizi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mwenye msamiati mdogo hutabirika. Kijana aliyetoka Kongo juzi, akajikaza kuandika kwa Kiingereza chake cha darasani, anaweza kuitwa ofisini ajibu tuhuma za wizi wa kazi. Wilaya inayomwadhibu mtoto kwa ushahidi wa aina hii inamdhulumu.

Swali linalofaa ni hili: wilaya inasaini mkataba na nani, na kwa masharti gani?

Huko Marekani wilaya ya shule ni mamlaka kamili: ina bajeti yake, aghalabu ina bodi iliyochaguliwa na wapigakura, na ndiyo inayotia saini mikataba. Machi 2024 msimamizi mkuu wa shule za Los Angeles, Alberto Carvalho, alizindua chatiboti iliyoitwa Ed, yenye sura ya jua dogo la katuni. Ingemweleza mzazi maendeleo ya mwanawe, imkumbushe mwanafunzi kazi zake, izungumze kwa lugha nyingi. Mkataba ulikuwa wa hadi dola milioni 6.

Aliyepewa kazi ni AllHere, kampuni changa iliyoanza kwa kutuma ujumbe wa simu ili kupunguza utoro shuleni. Kutoka kazi hiyo hadi kuhudumia mamia ya maelfu ya wanafunzi ni mbali sana. Juni 2024, miezi mitatu tu baada ya sherehe za uzinduzi, kampuni iliwasimamisha wafanyakazi wake wengi na chatiboti ikazimwa. Wilaya ilikuwa imekwisha kulipa takribani dola milioni 3. Agosti kampuni iliomba kufilisiwa; Novemba mwanzilishi wake alishtakiwa kwa madai ya kuwadanganya wawekezaji kuhusu mapato.

Watu husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba akili mnemba haifai shuleni. Wanakosea. Kilichoanguka kwanza ni kampuni, na hali ya kampuni huchunguzwa kabla ya kusaini, kwa kufungua hesabu zake na kuwapigia simu wateja wake wa zamani.

Zito zaidi ni suala la taarifa za watoto. Mhandisi aliyewahi kufanya kazi AllHere alidai hadharani kwamba chatiboti ilipitisha taarifa za wanafunzi mahali ambapo hazikuhitajika, nyingine zikishughulikiwa nje ya nchi. Ndiyo maana mkataba unapaswa kutaja seva ziko wapi, nani anazifungua, na taarifa zitafutwa lini na mbele ya nani iwapo kampuni itafilisika. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inaibebesha shule wajibu wa kulinda kumbukumbu za mwanafunzi, hata pale inapomkabidhi mzabuni kazi ya kuzitunza.