Kikulacho ki Nguoni: Tuzuie Kughushi Anwani Katika Mashine Pepe

Watu wa visiwani tumeijua tangu zamani thamani ya utambulisho. Chombo kikitia nanga huulizwa jina lake, nahodha wake na hati ya shehena yake. Na mgeni akihamia mtaani, sheha hutaka kujua ametoka wapi. Taratibu hizo hazikuwekwa kwa kuwadhania watu ubaya. Ziliwekwa kwa sababu haki ya mtu haiwezi kulindwa iwapo mwingine aweza kujiita kwa jina lake. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa leo ndani ya kompyuta zinazotunza pensheni, hati za ardhi na kumbukumbu za wagonjwa.

Hapo awali kila kazi ilikuwa na kompyuta yake. Siku hizi kompyuta moja kubwa hugawanywa kwa programu maalumu ikawa makumi ya mashine pepe, kila moja ikifanya kazi kana kwamba ni kompyuta kamili. Mpango huu huokoa umeme, nafasi na fedha za umma, wala sisi hatuupingi. Lakini mashine hizo ni wapangaji wa nyumba moja. Mashine ya malipo ya wastaafu yaweza kupakana na mashine ya matangazo ambayo hakuna anayeilinda. Adui akiiteka hiyo ya pili, amekwisha kuingia uani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Adui huyo hufanyaje? Kwa kawaida mashine katika mtandao huwa na anwani mbili: ile ya IP, na ile ya MAC yenye biti 48. Mashine ikitaka kujua anwani ya MAC ya mwenziwe, hupiga ukelele kwa utaratibu uitwao ARP, ikauliza: ni nani mwenye anwani hii ya IP? Utaratibu huo uliandikwa mwaka 1982 na David Plummer, nao haudai ushahidi wowote. Yeyote aweza kuitika kuwa ni yeye, na barua zote zikaelekezwa kwake. Ikiwa barua hizo hazikufungwa kwa maandishi ya siri, atazisoma, atabadili apendacho, kisha atazifikisha kwa mwenyewe, na huenda asitambulike kabisa.

Hatari ya kuamini anwani pekee si hadithi. Tarehe 25 Desemba 1994, huko Marekani, kompyuta za mtaalamu Tsutomu Shimomura zilivamiwa kwa kutumia anwani ya IP ya kughushi. Mwezi Mei 2000 ukatolewa mwongozo, RFC 2827, unaowataka wenye mitandao wazuie mlangoni kila pakiti inayodai kutoka mahali isipotoka.

Katika mashine pepe, kinga hiyo ni rahisi zaidi. Mashine pepe haijizalii anwani yenyewe. Hupewa na programu inayoisimamia. Kwa hiyo msimamizi huyo ni kama sheha aliyemwandikisha kila mkaazi kwa mkono wake. Kila pakiti itokayo hupita mbele yake, naye aweza kulinganisha anwani iliyoandikwa na ile aliyoitoa. Zikitofautiana, huitupa papo hapo. Nguvu ya kukagua ipo; kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuiamrisha.

Watendaji wasidhani kwamba kila mtambo hufika ukiwa umefungwa. OpenStack kwa kawaida huzuia anwani za kughushi tangu mwanzo. Lakini matoleo mengi ya swichi pepe ya kawaida ya VMware yalitoka yakiwa yameruhusu pakiti za kughushi mpaka msimamizi abadili mpangilio huo. Katika libvirt, kichujio kiitwacho clean-traffic kipo tayari, ila sharti mtu akiambatanishe na mashine. Mwenye kununua bila kuuliza amenunua nyumba pasina kujaribu kitasa.

Tunajua watasema wataalamu kwamba zipo mashine zenye haja halali ya kutumia anwani zaidi ya moja, kama vile mashine mbili zinazopokezana zamu ili huduma isikatike. Hoja hiyo ni kweli, lakini haihalalishi kufungua mlango wote. Katika OpenStack inawezekana kuitaja anwani ile ya ziada peke yake na kuiruhusu. Aonaye uvivu akaizima kinga ya lango zima, huiondoa pia orodha ya ruhusa na makatazo iliyokuwa ikiilinda mashine hiyo.

Kwa hiyo twatoa rai. Kila mkataba wa mitambo ya umma utamke kuwa ukaguzi wa anwani utawashwa kwa kila mashine pepe. Kila msamaha uandikwe, uwe na sababu, jina la aliyeuidhinisha na tarehe ya kukoma. Mashine za malipo zitengwe na zile zinazopokea wageni wa nje. Mazungumzo baina ya mashine yafungwe kwa siri na kuthibitishwa kwa vyeti, maana anwani sahihi haimaanishi moyo safi. Na kinga yenyewe ijaribiwe: mtaalamu wetu aghushi anwani kwa makusudi, tuone kama itapita.

Mstaafu anayengoja malipo yake kisiwani haijui ARP, wala halazimiki kuijua. Kujua huko ni wajibu wa waliopewa dhamana ya kumbukumbu zake.