Kila Mtu na Pembe Yake
Maneno machache juu ya kusafisha nyumba baada ya mavuno

Mvua za masika zinapokwisha huku kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria, na majani yakaanza kukauka katikati ya mawe makubwa ya Mwanza, ndipo watu wapatapo nafasi. Mahindi na mtama vimekwisha kuvunwa, pamba yachumwa na kupelekwa mizanini, na jua lawaka siku nzima. Tangu Juni mvua ni haba sana, mpaka mawingu yanaporudi karibu na mwezi wa Oktoba. Basi miezi hiyo ndiyo msimu wa kusafisha nyumba, maana godoro likianikwa asubuhi hukauka kabla ya jioni, na ukuta uliosiribwa haulowi tena.

Lakini katika nyumba nyingi msimu huu hupita bure, au kazi yote humwangukia mtu mmoja, yaani mama. Yeye hutoa vitu, hufagia, hufua, husugua masufuria, na jioni hulala akiwa hoi. Baada ya juma moja vitu vimerudi kama vilivyokuwa. Ndiyo sababu watu huiona kazi hii kuwa nzito na ya kuchukiza. Nami nataka kuonyesha ya kuwa uzito wake hautoki katika vumbi. Watoka katika desturi yetu ya kumwachia mmoja mzigo wa wote.

TULITAZAME SHAMBA

Kila mkulima wa pamba ajua ya kuwa kazi haikwishi siku ya kuuza. Baada ya kuchuma, hung'oa miti yote ya pamba na kuichoma moto, kwa kuwa wadudu hujificha ndani ya mabaki na kungojea mvua mpya. Asiyefanya hivyo huwafuga adui zake mwenyewe. Na nyumba ndivyo ilivyo. Kunguni hujificha katika viungo vya kitanda, panya nyuma ya magunia, na papasi katika nyufa za sakafu ya udongo. Papasi huyu aweza kukaa miaka bila kula. Mwaka 1905 madaktari wawili waliokuwa Kongo, Dutton na Todd, walionyesha ya kuwa ndiye aambukizaye homa ya papasi, ile ipoayo kisha ikarudi tena. Na Dutton alifariki huko huko katika kazi hiyo, mwaka ule ule.

Tena, tutazame jinsi tulimavyo. Wasukuma tangu zamani hawakupenda kulima kwa kimya. Ngoma ya bugobogobo, ichezwayo kwa majembe, yatokana na kazi ya shamba. Ngoma hulia, watu hujipanga mstari, majembe hupanda na kushuka pamoja, na shamba ambalo lingemshinda mtu mmoja humalizwa na wengi kwa furaha. Kwa nini basi nyumba ifagiwe na mmoja, tena kwa kimya?

Nchi yetu nayo imekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1973 palikuwa na mafundisho ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapata milioni 2 waliketi katika vikundi, wakasikiliza, wakashauriana, kisha wakaondoka pamoja kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Na tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru ziliachwa ili watu washike mafagio nchi nzima. Kazi ya usafi ikifanywa na wengi huwa kama sikukuu. Ikifanywa na mmoja huwa kama adhabu.

CHUPA ILIYOKUWA RAFUNI

Sisemi haya kama mtu asiye na lawama. Miaka kadha iliyopita nilikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja cha upande wa Magu, nikalima na ekari 2 za pamba. Nyumba yetu ilisifiwa kwa usafi, kwa ajili ya bidii ya mke wangu. Lakini juu ya kitanda palikuwa na rafu yangu, na neno langu lilikuwa moja: "Rafu ya baba haiguswi." Hapo niliweka madaftari ya zamani, betri zilizokwisha, nyundo, minyororo ya baiskeli, na vitu vingine nisivyovikumbuka.

Kiangazi kimoja mke wangu aliugua mgongo. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwaka huu sitaweza peke yangu. Naomba kila mtu ashike pembe yake, nawe ushike yako." Nilicheka kidogo, lakini nilikubali.

Nilipoanza kushusha vitu, watoto walisimama chini kuvipokea. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka 4, akapokea kitu kwa mikono miwili, akauliza, "Baba, soda hii ni ya nani?" Ilikuwa chupa ya soda, imejaa nusu, imezibwa kwa kipande cha gunzi. Moyo wangu ulishtuka. Ndani yake mlikuwa dawa ya wadudu wa pamba, niliyogawana na jirani msimu uliopita, nikaitia humo kwa kuwa sikuwa na chombo kingine. Jirani alikwisha kusahau, nami nilisahau.

Mke wangu hakusema neno. Aliitwaa chupa ile, akamnawisha mtoto mikono kwa sabuni mara mbili, kisha akaketi chini. Nami nilisimama juu ya kiti changu, nikatambua ya kuwa muda wa miezi 8 tulilala chini ya chupa ile, na ya kuwa mtu pekee aliyelinda usafi wa nyumba yetu nilimkataza mimi mwenyewe asiione.

Tangu siku ile hakuna katika nyumba yetu pembe isiyoguswa. Na kanuni niliyoipata ni hii: pembe ya hatari ni ile ya mtu asiyeulizwa. Mara nyingi mtu huyo ndiye baba.

NAMNA TUFANYAVYO

Kazi hii tumeigawa katika siku 4, wala si lazima zifuatane. Twaweza kushika asubuhi moja kila juma. Twaanza saa 1, jua lingali la upole, na kabla ya saa 5 tumekwisha. Uji hupikwa mapema, na mkubwa wa watoto huchagua nyimbo.

Siku ya kwanza ni ya vitanda. Magodoro, mikeka na mablanketi hutolewa juani, na hugeuzwa kila upande. Maji yanayochemka humiminwa katika viungo vya kitanda ili kuwaua kunguni. Kazi hii ni ya mtu mzima, watoto wakae mbali. Chandarua chenye dawa hufuliwa polepole kwa sabuni katika maji baridi, kisha huanikwa kivulini, maana jua kali huharibu dawa yake.

Siku ya pili ni ya chakula. Kihenge hufagiwa mpaka punje ya mwisho kabla ya kutia mahindi mapya. Wazee wakumbuka jinsi dumuzi, aitwaye na wengi skania, alivyotambuliwa huko Tabora miaka ya mwanzo ya 1980, akageuza maghala mengi kuwa unga mtupu. Mdudu huyu hukaa katika nafaka ya zamani na hata ndani ya miti ya ghala; kwa hiyo usichanganye mahindi ya mwaka jana na ya mwaka huu. Dagaa nao wawekwe mbali na unga, juu, mahali pakavu.

Siku ya tatu ni ya kuta na sakafu. Nyufa huzibwa kwa udongo mzuri uliokandwa, na mwenye chokaa hupaka. Lakini kama nyumba imepuliziwa dawa ya mbu, usisiribe wala kupaka ukuta upesi, usije ukaifunika dawa.

Siku ya nne ni ya vitu. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana twapenda kushika tusivyovihitaji. Kila mtu huleta uani vyote vilivyo katika pembe yake, akafanya mafungu 3: vitumikavyo, viwezavyo kumfaa mwingine, na visivyofaa kitu. Hakuna amwamuliaye mwenziwe, ila kila mmoja huulizwa swali moja mbele ya wote: "Kitu hiki ulikitumia lini?" Tulicheka sana mwaka ule niliposhindwa kujibu kwa ajili ya saa 3 mbovu za ukutani. Nguo zilizowabana watoto huenda kwa jirani siku ile ile, maana zikilala usiku mmoja ndani hazitoki tena.

VYOMBO VYA DAWA, NA MAJI

Dawa ya shamba isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji, wala isilale nyumba moja na watu. Ikae katika chombo chake chenye maandishi, mahali palipofungwa kwa ufunguo. Chombo kikiisha, kisioshwe kuwekwa mafuta ya kula wala maji, hata kama ni kizuri namna gani. Kitobolewe, kisha mwulizeni bwana shamba au chama cha msingi mahali pa kukipeleka. Kama mtoto ameonja dawa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo kile, mganga apate kukiona.

Takataka nyingine pia zina njia yake. Wakaao vilimani katika mji wa Mwanza wajua ya kuwa kitu kikitupwa katikati ya mawe, mvua hukishusha. Mto Mirongo hukipokea, ukakifikisha ziwani. Na katika ziwa hilo ndimo tunywamo. Basi majani na maganda yafanywe mbolea, na chupa na plastiki zipelekwe mahali palipoamriwa.

Neno la mwisho la mambo ya maji: wengi hupeleka mikeka na nguo ziwani, wakasimama majini saa nzima. Humo mna konokono watoao vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi, hasa jua likiwa kali. Afadhali maji yatekwe mahali pasipo majani, mtekaji asikawie, yakae siku 2 katika pipa lililofunikwa, ndipo yatumike. Vijidudu vile haviishi muda huo, na mfuniko huwazuia mbu.

KWA WAALIMU

Ndugu waalimu, msifundishe jambo hili ubaoni tu. Wapeni watoto swali la kupeleka nyumbani: "Ni pembe ipi kwetu isiyoguswa, na ndani yake mna nini?" Tena msiwaachie wasichana mafagio huku wavulana wakicheza mpira, mvulana aliyezoea kusafisha pembe yake atakuwa baba asiyeficha rafu.

Nanyi akina baba, kabla ya mawingu ya Oktoba hayajarudi, shusheni wenyewe vitu vyenu. Mtoto wangu yule sasa ni mkubwa, naye hakumbuki chupa ile. Mimi na mama yake twaikumbuka.